Kuhamia Goba na familia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu nyumba, maji, shule na mtaa

Kila anayetaka kutoka katikati ya jiji la Dar es Salaam kuja kukaa huku nje na familia ananiuliza maswali yaleyale, kwahiyo nimeona niyaweke yote sehemu moja mtu asome kwa nafasi yake. Naongelea Goba kwasababu ndiko ninakokaa, lakini mengi utayakuta hivyohivyo Madale, Salasala, Mbezi Msumi hata Kibamba. Na kabla hujaendelea nikuombe kitu kimoja, jiulize hiyo nyumba saa nne asubuhi siku ya Jumanne itakuwa na nani ndani. Baba na mama wako kazini, wakubwa wako shule, waliobaki ni bibi, dada wa kazi na mtoto ambaye hajaanza chekechea. Hao ndio watakaoishi kwenye hiyo nyumba, wewe mwenye gari utakuwa unakuja kulala tu, ndio maana majibu yangu mengi yanawaangalia wao kwanza.

Goba ni wapi hasa na mjini naendaje?

Goba ni kata ya Manispaa ya Ubungo, zamani tulikuwa chini ya Kinondoni kabla Ubungo haijawa manispaa yake. Iko kwenye vilima katikati ya barabara mbili kubwa, Morogoro Road upande mmoja na Bagamoyo Road upande mwingine, ndio maana ina milango mingi ya kutokea: unaweza kushuka Tangi Bovu ukaingia Bagamoyo Road, unaweza kwenda Mbezi Mwisho ilipo stendi ya Magufuli, unaweza kupita Madale ukatokea Wazo, au ukapita Makongo Juu ukatokea Chuo cha Ardhi na ukawa umefika Mlimani City bila kugusa foleni ya Mwenge. Kwa mtu anayefanya kazi mjini asiye na gari, njia inayotumika sana ni daladala mpaka Mwenge au mpaka Mbezi Mwisho, na ukiwa Mbezi unasogea Kimara unapanda mwendokasi. Ile mwendokasi ya Bagamoyo Road inayojengwa kwenda Tegeta mpaka Basihaya nayo itatusaidia sana sisi wa upande wa Tangi Bovu.

Ila usipime umbali kwa kilomita. Pima kwa saa, tena siku ya kazi, saa kumi na mbili asubuhi. Jumapili mchana kila sehemu ya Dar iko karibu.

Nyumba ya familia ya huku ikoje?

Ya kawaida ni ya chini, vyumba vitatu au vinne, kimoja masta, sebule na dainingi, jiko la ndani, stoo, choo cha familia, na baraza mbele. Kiwanja mara nyingi ni ishirini kwa ishirini, yani mita za mraba 400, fensi ya tofali na geti, na nyuma pembeni kunakuwa na kibanda cha nje chenye chumba kimoja au viwili. Bati za msauzi, madirisha ya aluminiamu na grili, juu gipsamu.

Mimi naangalia vitu viwili ambavyo madalali hawavitaji kabisa. Cha kwanza ni baraza na jiko la nje. Watu wengi wanajenga jiko zuri la ndani lenye kabati alafu maharage yanachemkia nje kwenye mkaa, na kama hakuna paa la nje basi dada anapika na mwavuli masika yote. Cha pili ni ngazi. Goba ni milima, kuna nyumba nzuri sana unapanda ngazi kutoka getini mpaka mlangoni, kijana unaziona ni urembo lakini mzee mwenye magoti hatoki tena nje akishaingia.

Nikija kuona nyumba niangalie nini?

Njoo mara mbili, mara moja kiangazi na mara moja mvua imetoka kunyesha. Kama huna muda wa kusubiri basi angalia kuta kwa chini, sentimita kama hamsini kutoka sakafuni, ukiona rangi imevimba na inatoka unga mweupe ujue unyevu unapanda kutoka kwenye msingi na hilo halitibiwi kwa kupaka rangi mpya. Angalia pembe za gipsamu kama kuna madoa ya kahawia, hapo panavuja. Fungua mabomba yote kwa pamoja na uflashi choo uone presha. Nenda nyuma ya nyumba, huko ndiko mafundi wanapoishia kuchoka, angalia mifereji na maji ya jirani wa juu yanashukia wapi, maana huku kwenye miteremko maji ya mwenzako ndio yanakuja kuangusha fensi yako, na ugomvi mwingi wa majirani ninaousikia huku unaanzia hapo.

Alafu ongea na mwenye genge. Mwenye nyumba atakwambia mazuri na dalali naye hivyohivyo, ila yule anayeuza nyanya pale kona anajua maji yanatoka siku gani, nani aliibiwa, na mpangaji aliyepita aliondoka kwanini.

Barabara za ndani zikinyesha inakuwaje?

Hapa ntakaa kidogo kwasababu ndipo watu wanapoumia. Barabara kubwa za Goba ni za lami na hazina shida. Shida ni ile mita mia tano au kilomita moja kutoka lami mpaka getini kwako. Goba sehemu kubwa haikupangwa kwanza ndio watu wakajenga, ilikuwa mashamba, watu wakauziana vipande na kila mtu akaacha njia anavyojua yeye. Linganisha na Mbweni, Bunju, Mivumoni au Kibada ambako kulikuwa na ule mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002, kule njia zilipimwa kabla ya nyumba na ndio maana zimenyooka. Huku njia inapinda kufuata mpaka wa shamba la mzee fulani, inabana, alafu inashuka ghafla bondeni.

Masika ni Machi mpaka Mei, vuli ni Oktoba mpaka Desemba. Kwenye hizo miezi udongo mwekundu unateleza, korongo linaongezeka, na kile kidaraja cha bondeni ambacho uliona ni cha kupita tu kinageuka kuwa ndio mpaka kati yako na hospitali. Wanaoshindwa kupita sio nyie wenye magari makubwa. Ni bodaboda, ni gari la shule, ni boza la maji. Basi la shule likikataa kushuka mtoto atatembea mpaka lami saa kumi na moja na nusu asubuhi gizani kwenye tope, kila siku, kwa miezi mitatu. Kwahiyo nyumba ya bei nafuu iliyo bondeni nakushauri uiache hata kama ina tailizi za kung'aa, chukua ndogo yake iliyo juu karibu na lami.

Na bonde lenyewe lina sheria yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, na wengi tunakumbuka mafuriko ya Desemba 2011 mpaka serikali ikawahamishia watu wa mabondeni Mabwepande. Kijito kikiwa kimekauka Januari kisikudanganye.

Maji ya Dawasa (mamlaka ya maji ya jiji) yanatoka?

Yanatoka, mtandao umefika maeneo mengi kuliko zamani, lakini sio kila siku na sio kila mtaa kwa presha moja, mwenye nyumba ya juu kilimani anaweza kukaa bila tone wakati wa chini yake anamwagilia maua. Maji yetu ya jiji kwa sehemu kubwa yanatoka mto Ruvu, kwenye mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, kwahiyo mto ukipungua jiji zima linaumia, tuliona Oktoba 2022 mgao ulivyokuwa.

Ndio maana swali langu kwa mwenye nyumba linakuwa kuhusu tenki, ukubwa wake na lilipokaa. Piga hesabu hivi: familia ya watu sita, kila mtu ndoo tatu za lita 20 kwa siku kuoga, kupika, choo na usafi, hiyo ni lita 360. Simtanki la lita 2,000 linaisha ndani ya siku tano na ushee, na hapo hujafua. La lita 5,000 linakupeleka karibu wiki mbili. Kwa nyumba yenye mtoto mchanga au mgonjwa mi nasema usishuke chini ya 5,000, na tenki liwe juu kwenye mnara ili umeme ukikatika maji yaendelee kushuka yenyewe. Tenki la chini linalotegemea pampu maana yake umeme ukikata na maji yamekata.

Kingine watu wanakidharau ni maji ya bati. Paa la mita za mraba 100, mvua ya milimita 10 tu, zinashuka lita 1,000, na Dar tunapata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Weka gata, weka tenki la pili, fua nguo na mwagilia nalo.

Si nichimbe tu kisima?

Watu wa afya wanashauri kisima kiwe mita 30 mbali na shimo la choo. Kiwanja cha ishirini kwa ishirini hata ukipima kona kwa kona hupati mita 30, ni kama 28 tu, na bado jirani naye ana shimo lake nyuma ya fensi. Kwa matumizi ya kufulia na bustani sawa, ila kunywa chemsha au nunua, hasa kama kuna watoto.

Shimo la choo likijaa?

Huku hakuna mfumo wa maji taka wa jiji, kila nyumba ina shimo lake. Unaita gari la kunyonya. Hakikisha tu gari linaweza kufika, nimeshaona nyumba nzuri ambayo shimo liko nyuma kabisa na fensi imebana, inabidi mipira iunganishwe kupitia sebuleni. Uliza shimo liko wapi na mara ya mwisho lilinyonywa lini, usione aibu.

Umeme na yale makato ya jengo?

Nyumba ni za LUKU, yani mita ya kununua umeme kabla ya kuutumia. Tangu mitambo ya bwawa la Nyerere ianze kuwashwa 2024 ule mgao mkubwa umepungua, lakini bado kuna kukatika kwa mtaani, tawi limeangukia waya, transfoma imezidiwa, upepo kidogo tu, kwahiyo nunua kile kifaa cha kulinda friji.

Makato unayoyaona ukinunua umeme ni kodi ya jengo, ilihamishiwa kwenye LUKU 2021 na saivi ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya chini ya kawaida. Hiyo ni kodi ya mwenye nyumba sio ya mpangaji, kwahiyo andikeni kwenye mkataba kwamba mtahesabiana. Kwa mwaka ni 18,000, sio hela ya kugombania lakini ni vizuri ikaandikwa. Na kama nyumba ina mita moja na kibanda cha nje kina mpangaji mwingine, dai mita yako mwenyewe mapema, kuchangia LUKU kunavunja ujirani haraka sana.

Shule zipo?

Zipo za serikali na za binafsi, tena za binafsi ni nyingi na mabasi yao utayaona kila asubuhi. Za serikali hazina ada tangu 2016, ila madarasa yanajaa na kuna michango ya chakula na mitihani. Ushauri wangu kwa chekechea na darasa la kwanza chukua shule ambayo mtoto anaweza kurudi kwa miguu na dada yake, hata kama ile ya mbali ina jina zaidi. Mtoto wa miaka mitano kuamka saa kumi alfajiri kwenda kupanda basi linalozunguka mitaa yote ni mateso, anasinzia darasani na jioni anarudi amechoka mpaka hali. Darasa la nne la tano hivi ukitaka kumhamisha mhamishe, atakuwa ameshakomaa.

Mtoto akiugua usiku tunakimbilia wapi?

Kwanza jua zahanati iliyo karibu inayofungua usiku kucha, iende mchana ujionee mwenyewe, usisubiri siku ya homa. Kwa hospitali kubwa zaidi kuna Lugalo, ile ya jeshi inapokea raia pia, kuna Mwananyamala, na ukishika njia ya Mbezi kwenda Kibamba unafika Mloganzila. Ambayo ni karibu kwenye ramani sio lazima ndio utafika haraka, inategemea uko upande gani wa Goba. Weka namba za bajaji wawili watatu unaowaamini wanaolala mtaani hapo, na namba hizo dada wa kazi na bibi wawe nazo kwenye simu zao, sio kwenye yako tu.

Soko na mahitaji ya kila siku?

Hapa huna wasiwasi. Genge, duka la mangi, bucha, mashine ya kusaga, saluni, fundi cherehani, duka la dawa, mawakala wa pesa za simu, vyote unavipata Goba senta na pale Njia Nne, na mitaani kila kona kuna kigenge. Mboga nyingine zinalimwa hapahapa mabondeni. Ukitaka vitu vya jumla unaenda Mbezi Mwisho au Tegeta, na supamaketi kubwa unashuka Mlimani City au Bagamoyo Road. Kitu cha kuangalia ni mama anaweza kufika gengeni kwa miguu bila kuvuka barabara ya magari ya kasi, basi.

Ulinzi vipi?

Kuna ulinzi shirikishi wa mtaa, unachangia kila mwezi, changia. Ukihamia nenda ofisi ya serikali ya mtaa ujitambulishe, mjue mjumbe wako, na majirani wa kulia, kushoto na mbele uwapelekee salamu wiki ya kwanza. Fensi ndefu yenye waya wa umeme inasaidia lakini kama mtaani hakuna anayekujua basi hata mwizi akiingia na gari la kuhamisha vitu mchana watu watadhani unahama. Taa za nje ziwashwe usiku, funguo za geti asipewe fundi.

Makelele?

Yapo. Kuna baa, kuna makanisa ya maturubai, kuna misikiti, kuna shughuli za harusi na vigodoro. Tembelea mtaa Ijumaa usiku na Jumapili asubuhi ndio utajua.

Watoto watacheza wapi?

Hili linaniuma kusema kweli. Kwasababu mtaa haukupimwa, viwanja vya wazi ni vichache na vilivyopo watu wanavimendea. Watoto wanacheza kwenye kiwanja cha shule au kwenye kiwanja ambacho mwenyewe hajajenga, akianza kumwaga mchanga na kokoto mpira umeisha. Kwahiyo ukipata nyumba yenye uwanja usiweke pevingi yote, acha hata nusu iwe udongo na nyasi, panda mwembe na mpapai, kivuli cha mti mmoja kinapunguza joto sebuleni na watoto wa jirani watakuja kucheza kwako, waache waje. Na mtaa ukiitisha mkutano kuhusu eneo la wazi nenda, wazazi tukikaa kimya litauzwa.

Nataka kununua kabisa, karatasi zikoje?

Kuna nyumba zenye hati miliki, kuna zenye leseni ya makazi, na kuna nyingi zenye mkataba wa mauziano tu uliogongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Huo wa mwisho usiutupe lakini usiutegemee peke yake, mwenyekiti wa mtaa anawajua watu ila yeye sio msajili wa ardhi. Tafuta wakili wako mwenyewe, sio wa muuzaji, afanye upekuzi ofisi ya ardhi kama kuna hati, na aangalie kama eneo halina mkopo wa benki au zuio la mahakama.

Muuzaji akiwa na ndoa, mwenza wake lazima aridhie kwa maandishi, hiyo ni sheria sio hisani. Ikiwa ni nyumba ya urithi, anayeuza awe na barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi, na onana na warithi wengine uso kwa uso, maana ndugu mmoja aliye mkoani ambaye hakujulishwa anatosha kukupeleka mahakamani miaka. Nenda na mpima mkaone bikoni, yani zile alama za mipaka ya kiwanja. Na kama nyumba iko kando ya barabara kubwa uliza hifadhi ya barabara inaishia wapi, kumbuka 2017 nyumba kati ya Kimara na Kibaha zilivyobomolewa kupisha upanuzi, wengine walikuwa wamekaa pale miaka mingi na familia zao.

Napanga, kodi nalipa miezi mingapi?

Wengi wanataka miezi sita, wapo wa mwaka, na dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja. Hela ya kwenda kuonyeshwa nyumba mpe nauli yake, sio zaidi. Usitoe kodi kabla hujaonana na mwenye nyumba mwenyewe na kuona kitu kinachothibitisha ni yake, na matengenezo aliyoahidi yaandikwe kwenye mkataba na tarehe.

Wageni na mizigo watapataje nyumba?

Zamani ilikuwa ukifika kwenye mwembe piga simu. Tangu ule utaratibu wa anwani za makazi wa 2022 mitaa imepewa majina na nyumba zina namba, kwahiyo mulize mwenye nyumba namba yake na jina la barabara, uiandike pia kwenye simu ya dada na ya bibi wakiitiwa gari la wagonjwa waisome. Kama kibao kimeng'oka wakati wa kupaka rangi fensi, nenda ofisi ya mtaa uulize namba ileile, alafu iandike kubwa getini kwa rangi inayoonekana usiku.